Mkono wa Mama Mdogo Masika

Jumatatu, 4 Novemba
Umeme umekatika tena hapa mtaani Mususa. Jalada la jarida nimelimalizia kwa jenereta ya jirani mwenye saluni. Toleo la kahawa. Picha niliipiga mwenyewe kule Vuhovi: mama mdogo Masika kati ya mibuni yake, anacheka, mkono umefunika mdomo. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyocheka mbele ya kamera. Kijani tele, kahawa nyekundu kikapuni. Nalipenda.

Jumanne, 5 Novemba
Patron, mwenye jarida, hakulipenda. "Lakini kahawa itasimamisha nani? Batu banapita mbio. Tia kitu ya kuuma moyo." Toleo lililopita lilirudi karibu lote bila kuuzwa, ni kweli. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatano, 6 Novemba
Ameikata picha mwenyewe. Mibuni hakuna, kikapu hakuna. Umebaki uso, macho yamefumbwa, mkono mdomoni. Rangi kaiondoa yote. Chini, herufi nyekundu, kuhusu mji ule wanakouawa watu: BENI, TUTALIA MPAKA LINI?
Nikamwambia huyu mama anacheka.
"Nani atajua?"
Kinachoniudhi zaidi: hata mimi nilimwona analia. Nimepeleka kwa mchapaji. Mwoga mimi.

Ijumaa, 8 Novemba
Majarida yameisha mapema. Sokoni watu wanasimama, wanatazama, wananunua. Patron kanunulia ofisi nzima soda. Yangu sikuinywa.

Jumamosi, 9 Novemba
Jarida limefika Vuhovi. Kasereka, mtoto wa mama mdogo, yuko Beni, anapakia kakao kwenye malori. Watu wamemwona mama analia, wamesoma Beni, wakajumlisha. Wamekuja na kuni na maharage, kama tunavyokwenda matangani. Dada yangu alikuwepo, ndiye aliyenipigia. Mama mdogo katoka shambani, kakuta wanawake wamekaa chini uani kwake, wanalia. Kauliza nani amekufa. Wakazidi kulia.
Simu ya Kasereka haipatikani.

Jumapili, 10 Novemba
Kasereka kapiga. Mzima. Simu yake iliishiwa chaji, basi. Mama yake jana usiku kalala chini na waombolezaji, hajui kama ana mtoto au hana.
Patron anasema kama yuko mzima, hakuna shida. Namchukia. Nawachukia na wanaonunua. Mama huyu alipocheka hakuna aliyemtaka.

Jumapili, 17 Novemba
Nimekwenda Vuhovi na sabuni na chumvi. Kuni za matanga bado zimepangwa ukutani, ndizo anazopikia. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. "Njoo ukule, mwana wangu."
Tukala. Kasereka amekuja kumtuliza mama yake. Akasimulia jinsi dereva mmoja aliyetoka Vuhovi alivyomwona kule Beni akakimbia, akidhani ni maiti inatembea. Mama mdogo akashikwa na kicheko. Mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni. Akaniona. Akaushusha, akageukia ukuta, ndipo akacheka.