Malkia wa Baba

Makoko, Musoma
Jumapili

Kaka Keraryo,

Huku tupo. Mihogo ya Mama kule Butiama imeshika, na dagaa zimeshuka bei.

Umeuliza mara mbili nani aliongea na Baba mwisho. Ni mimi. Tulikuwa tunacheza chesi mtandaoni, mimi kwa simu, yeye kwenye kompyuta yake, kama tulivyokuwaga tunacheza kila Jumamosi. Alikuwa ananishinda. Ghafla akamweka malkia wake njiani mwa farasi wangu. Akaniandikia: "Mkono umeteleza kwenye mausi, mwanangu. Nirudishie."

Nikacheka. Nikamjibu vile alivyokuwaga ananijibu mimi nikikosea: "Ng'ombe akishatoka zizini harudi." Nikamla malkia. Hakucheza tena. Muda wake ukaisha, simu ikaandika nimeshinda. Nikajua amenuna.

Mama alimkuta ameinamia meza, kasharudi kwa Mungu. Daktari alisema ni kiharusi, na huenda dalili zilianzia mkono wa kulia.

Mama hajui. Anasema kompyuta nichukue mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa nacheza naye. Kaka, naomba umwambie unaitaka wewe.

Mdogo wako,
Wankyo