Jezi ya Mazoezi

Shosti, niko kwenye basi la kwenda mlimani.

Ile jezi yangu ya mazoezi, ninayopandia ngazi za ofisini na begi mgongoni. Asubuhi siioni! Nikamwakia mdogo wangu pale getini, basi linapiga honi, wapandaji wenzangu wote wanatukodolea macho. Nikamwita mwizi. Mwizi, jamani! Kumbe maskini wa Mungu hajui lolote.

Nikarudi ndani mbio kuitafuta tena, na unajua nimeikuta wapi? Kabatini kwa mama. Imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, haijafuliwa, inanuka jasho langu.

Mama huyu huyu aliyenicheka miezi yote ya mazoezi, eti "nenda ukagande huko juu kama samaki wa friji."

Nikamuuliza, "Mama, jezi chafu ya nini?"

Akageuka, akaanza kutandika kitanda.

"Mama?"

"Iache hapo hapo. Usiifue."

Usiifue! Nikajichekesha, nikamwambia wiki ijayo nimesharudi, mlima ule watu wanaupanda kila siku.

Hakucheka. Akasema, "Baba yako alipofariki nilichelewa. Nilikuta mashati yake wameshayafua yote."

Shosti, nikaufunga ule mfuko mwenyewe, nikaurudisha kabatini.