Tyubu ya Baba kwenye Pikapu ya Obadia

Nachingwea

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Abdulatifu, Ruangwa.

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na dada Rabia anayekusomea naye awe mzima. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio hauko sawa. Ningepiga simu, lakini wewe na hiyo spika yako! Ukipokea tu, gereji nzima inasikia.

Habari za ajali ya Obadia umezipata. Alifunga breki pale Nkowe kuwapisha mbuzi, lori likamvaa kwa nyuma, mkewe Aurelia akavunjika nyonga, maskini. Amelazwa huku, ndiyo maana hata pikapu imevutwa hadi gereji yangu. Dereva wa lori anaapa hakuona taa nyekundu, aliona nyeupe tu. Obadia naye amemshikia bango Kaimu, kwa kuwa ndiye fundi wa mwisho kumbadilishia balbu. Nasikia vijana wamemvunjia kibanda chake, na polisi wanamtafuta. Nilipomkumbusha Obadia kwamba waya za nyuma ulizifunga wewe, alicheka, akasema Mzee Abdulatifu hakosei.

Haya, nikaingia kazini. Taa za upande mmoja zilikuwa zimesalimika. Nikamwomba Obadia akanyage breki: nyekundu kimya, ikawaka nyeupe ya rivasi! Balbu nzima, fyuzi nzima, swichi ya breki nzima. Nikafuata waya kwa testa mpaka chini ya bodi, nikakuta waya wa breki umeungwa na wa rivasi. Mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Hata mwanafunzi asingezichanganya.

Baba, kiungo kile hakikufungwa kwa utepe wa dukani. Kilifungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umezungushiwa kushoto, mafundo mawili. Nani mwingine anafunga hivyo huku kwetu, zaidi yako na mimi uliyenifundisha? Nililia palepale chini ya gari, na oili usoni. Ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi kila kitu unasomewa na Rabia, nawe unasema umechoka tu. Huoni vizuri, Baba. Kwa nini ulinificha mimi?

Obadia aliponiuliza nimeona nini, nilimjibu sijamaliza. Nilimdanganya, na kila siku ninayonyamaza Kaimu anaumia. Siwezi tena. Ijumaa baada ya swala nitakuja na Obadia hapo nyumbani, na Kaimu nimemwita. Waambie wewe mwenyewe, Baba, tafadhali. Ukishindwa nitasema mimi, nimekaa pembeni yako. Tukimaliza nakupeleka ukatazamwe macho, na sitaki ubishi.

Mpaka hapo usiguse waya wa gari la mtu yeyote. Nisalimie Mama, na wote wa gereji, usiwaambie kitu kwanza.

Nawe dada Rabia, nakujua ulivyo na huruma. Kama kuna mstari umeuruka, rudi umsomee.

Binti yako akupendaye,
Tunu