Kirikuu cha Maziwa

Kwai, 19 Januari 2025

Mkwe wangu Anord,

Tumsifu Yesu Kristo. Vipi hali ya hapo Mazinde na joto lenu? Eliza na mjukuu wangu hawajambo? Sisi huku wazima, mvua imekata na mboga zinanyauka, lakini tunamshukuru Mungu.

Eliza alisema nikupigie simu. Ala! Nimpigie mkwe nimwambie kwa mdomo kwamba injini yangu inatokota? Si nitakufa kwa haya! Ndiyo maana naandika. Selemani wa lori la kabichi atakufikishia.

Kile kirikuu, kigari cha mizigo alichoniachia marehemu mume wangu, kinanitesa. Kikitembea hakina neno, hata mlima kinapanda. Tatizo kikisimama. Unajua kwenye kituo cha maziwa huwa sizimi gari, maana starta imechoka, nikizima mpaka nitafute watu wa kusukuma. Basi akina mama wakiwa bado wanapimiwa maziwa, mshale wa joto unapanda, mara mvuke huo! Juzi tulichelewa kufika Lushoto hadi maziwa yakakatika. Mama Yunis, kiongozi wao, akasema mbele za watu kwamba ikitokea tena, kazi ya kubeba maziwa atapewa Amiri, dereva mwenzangu. Fundi wa hapa anasema gasketi imekufa, injini ifunguliwe. Ikikaa wazi wiki mbili, kazi si imeshakwenda? Na ndiyo inayonilisha. Nisaidie tafadhali, wewe ndiye fundi.

Mama mkwe wako,
Modesta


Mazinde, 23 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Milele amina. Sisi hatujambo. Eliza anakusalimu, na mtoto ameota jino. Joto la huku usiulize.

Fundi asiguse injini kwanza. Gasketi ikifa, gari hutokota hata likiwa mlimani, tena huko ndiko zaidi. Lako linatokota likisimama tu. Likitembea, upepo wa barabarani unapooza maji ya injini kwenye rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni.

Naomba ufanye hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia maji. Mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa ya moto, mama, nakuomba sana, utaungua uso. Kisha washa, uliache hapo hapo. Mshale ukipita nusu, chungulia mbele uone kama feni inazunguka. Isipozunguka, zima, usisubiri. Ikishapoa, fuata waya wa feni uniambie umekuta nini.

Mkweo,
Anord


Kwai, 28 Januari 2025

Mkwe wangu Anord,

Marahaba, na pole kwa joto. Hilo jino nitalishangilia nikiliona.

Nimecheka na nimekasirika kwa pamoja. Feni imelala fofofo! Nimefuata waya, nikakuta umechomolewa na kufungwa utepe mweusi vizuri kabisa, kama kidole chenye jeraha. Nikajua hapo hapo ni mkono wa nani. Kipupwe kilichopita gari lilikuwa likichelewa kupata moto alfajiri. Akaja shemeji yangu Stephano, akasema, "Feni ya nini Kwai? Baridi yote hii!" Akachomoa. Nami nikamkaangia mayai kwa kumshukuru! Leo nimemwuliza, ananijibu eti madereva wengi wa huku milimani hufanya hivyo. Haya, baridi imekwisha, waya ukasahaulika.

Nimeuchomeka. Feni inaguna tu, haizunguki. Kila siku nafika kituoni roho mkononi, na Amiri ameshaanza kuosha gari lake. Sasa nifanyeje?

Mama mkwe wako,
Modesta


Kwai, 4 Februari 2025

Mwanangu Anord,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza nikugombeze. Unapandaje milima yote hii Jumapili na feni ya mtumba kwenye mfuko, unalala chini ya gari mimi niko misani, halafu unaondoka bila hata chai? Mwajuma jirani ndiye aliyeniambia: "Mkweo amekuja, amekwenda, shati lote tope!" Feni ya zamani nimeiona ulipoiweka. Mota yake imejaa matope na kutu, ingezunguka vipi?

Jana kituoni Amiri alikuwa amekwishafika, anasubiri nitokote. Akina mama waliacha kuangalia mizani, wakawa wanachungulia mshale wangu dirishani. Ukapanda. Ukafika nusu, ukapita. Mara, vuuu! Feni hiyo! Mshale ukarudi chini mbele ya macho yetu. Mama Yunis alichukua dumu lake, akalipandisha mwenyewe kwenye kirikuu, na wenzake wakafuata. Amiri akacheka, akatusaidia kubeba.

Niliendesha hadi Lushoto machozi yananitoka. Tangu marehemu atuache, hakuna mtu aliyewahi kulala kwenye tope kwa ajili yangu. Nilidhani nimemwoza Eliza tu, kumbe nami nilikuwa napata mtoto. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru sana, Mungu akuzidishie.

Safari nyingine ukinikuta niko misani, ningoje nirudi.

Mama yako,
Modesta