Pijo Imeoga, Mama Mkwe Amepanda

Ikonge, Jumamosi, mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tatu. Jua limeshazama. Mvua ya jioni imepita, majani ya chai yanang'aa, na mimi nang'aa kuyashinda.

Leo mama mkwe amepanda gari langu, Pijo.

Niandike tena nisome vizuri: amepanda. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, nikaendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, nikacheza dansi katika miji ambayo walimu wangu waliiona kwenye ramani tu, sijawahi kushinda vita kubwa kama hii.

Tangu mvua za mwezi wa nne Pijo ilikuwa inanuka. Oili ilivuja juu ya injini, matope mekundu yakagandia oili, na injini ikipata moto, moshi unaingia mpaka kwa abiria. Mama mkwe haongei na mimi. Kwetu mtu na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, hata mkono hatupeani. Juzi alisimama kwenye migomba akamwambia binti yake, mke wangu Kemunto, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto: "Mwambie mume wako sitaenda kanisani nikinuka kama mpika chang'aa. Kanisani kwa dada yangu, kule Nyamarambe, nitapelekwa na Anglia."

Anglia! Hiyo ni gari ya mkwe mwenzangu, karani wa Kisii mjini, mtu anayepangusa kiti kabla ya kukaa.

Basi jana, Ijumaa, niliamka na kazi moja. Nyumba yetu ni ya Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, hata spana inalala. Ombati, ndugu ya Kemunto, alinishauri niteremshe gari mtoni nimwagie injini ndoo za maji kama wengine. Nikamwambia injini si ng'ombe.

Niliiacha ipoe mpaka ningeweza kuipapasa kama shavu la mtoto. Nikafungua waya wa betri. Nailoni ya kufunikia sina, lakini migomba Mungu ametupa: distributa na dainamo, vitu vya umeme, nikazifunga kwa majani na kamba. Filta ya hewa nikaitoa, mdomo wa kabureta, injini inapopumulia, nikauziba kwa jani changa, laini, ambalo Kemunto alilipitisha motoni jikoni. Ndipo nikachovya brashi kwenye mafuta ya taa, nikaanza kusugua. Ombati akatokea na sigara mdomoni, dini yake anaijua mwenyewe.

"Shemeji, hii gari unaivundika kama ndizi?"

"Peleka huo moto mbali, ama tutaiva sisi wawili!"

Alicheka mpaka akakaa chini, lakini sigara aliizima.

Maji sikumwaga. Nilipangusa kwa kitambaa cha sabuni, uchafu ukidondokea majivu niliyotandaza chini, usishuke mtoni. Nikakausha, upepo ukamalizia. Injini ikatoa rangi ambayo sikujua inayo.

Nikawasha. Ikakohoa. Ikafa.

Nikawasha tena. Ikakohoa, ikafa. Jua lilikuwa limeegemea kilima, na ng'ambo, uani kwake, mama mkwe amesimama anatutazama. Nilianza kuiona Anglia ikipanda mlima wetu.

Ni Kemunto aliyeuliza, polepole: "Baba Moraa, na lile jani nililokupitishia motoni, uliliweka wapi?"

Mungu wangu!

Lilikuwa pale pale, limeziba koo la kabureta, na mimi nimerudisha filta juu yake. Nilikuwa naosha gari huku nalinyonga.

Nililichomoa, nikarudisha filta, nikawasha. Pijo ikanguruma jua likiwa limebakiza ukucha.

Leo asubuhi mama mkwe alizunguka boneti. Akanusa. Akanusa tena. Akaingia kiti cha nyuma, karibu na Kemunto. Nikageuza kioo cha ndani kitazame paa, macho yetu yasikutane, tukaondoka. Tulipoingia Kisii mjini nilikaza mwendo, nijionyeshe kidogo. Nyuma yangu nikasikia akimwambia Kemunto:

"Mwambie mwanangu apunguze mwendo. Watu hawapati kuniona."

Mwanangu. Si mume wako.

Nikaendesha kama nimebeba bibi harusi. Kule Nyamarambe dada yake alikuja mbio na miguu yake ya uzee, wakashikana shingoni wakilia na kucheka, na mimi nikajifanya naangalia tairi.

Sasa roho yangu imekuwa pana. Hata karani nitamwambia alete Anglia yake kesho, niioshe bure, majani ya mgomba yapo tele.

Ila lile la kabureta atalitoa Kemunto.