Kengele Iliyokaa Kimya

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui sana kwa kulala kwenye kile kiti cha wodini. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko juu. Mama anaendeleaje? Mkono bado umevimba?

Ulinitumia ujumbe ukimlaani mpumbavu aliyesababisha mashine ya dawa ya mama iondolewe. Ulisema tangu hapo dripu inafunguliwa kwa kidole, na wewe na nesi mnapokezana kuhesabu matone. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu usingeniacha nimalize.

Unajua mama hunitania kwamba nafanya kazi na mapepo, tangu nimwambie natengeneza vifaa pepe. Basi nikueleze. Ndani ya mashine ile mna kompyuta moja ndogo, na kazi yangu ni kuigawa iwe kama mbili: upande mmoja usukume dawa, mwingine uendeshe skrini. Kila upande tunaupa vifaa pepe, yaani vya kubuni tu, saa yake, kengele yake, nao unaviamini kama vya kweli.

Juzi nikijaribu toleo jipya la programu ya mashine, niliigandisha skrini makusudi, kisha nikaubana mrija. Dawa ikasimama. Nikasubiri kengele. Kimya! Kumbe kengele ya upande wa dawa tuliipitisha upande wa skrini. Skrini ikiganda, kengele nayo imekufa. Nikaangalia toleo la zamani, lile lililo wodini. Ni vilevile.

Meneja alisema skrini kuganda ni nadra, tusiwatie watu kiwewe, tusubiri marekebisho. Nilijua hospitali yenu haina mashine nyingine, na nilijua ni nani aliyelala kando ya hiyo moja. Nikampigia daktari mkuu wenu bila ruhusa ya mtu. Huyo mpumbavu, dada, ni mimi.

Sijui kama nimemwokoa mama au nimemtia hatarini. Simu ikilia tu, naogopa kuipokea. Nikasirikie utakavyo, lakini dawa ile ikizidi mwendo inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo msiache kuhesabu matone hata kidogo.

Msalimie nesi, umshukuru sana. Mama umbusu, ila usimwambie kuwa ni mimi. Atanitetea kabla hatujajua kama nilikosea.

Wako,
Kitindamimba