Kikombe cha dawa ya Anjela

Jumanne, mvua haijakata tangu alfajiri.

Tangu Matiri iwe Matiri hajazaliwa mtu wa kuchanganya dawa kama mimi. Nikipuliza kahawa ya mtu, wadudu wanahama na familia zao hadi mgodini Ngaka, wakadandie malori ya makaa ya mawe. Waliomaliza kidato cha nne wanasoma maelekezo kwenye kopo. Mimi natazama tu, namimina.

Hivyo ndivyo ninavyojisifu kila siku. Leo siwezi.

Dada Sabina alikwenda kwenye ngolo, shamba lake la mashimo huko mlimani, kupanda maharage, akaniachia mwanaye Anjela, ambaye hata miaka mitatu hajafikisha. Aliniagiza mtoto akizidi kuchemka nimpe dawa ya maji ya homa kwa kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya chupa, nisipite mstari alioonyeshwa dukani. Nikamwambia aende tu, daktari yupo.

Akachemka kweli. Juu ya chupa kikombe hakuna. Nikachukua kijiko cha kulia wali, nikajaza. Homa haikushuka haraka nilivyotaka, nikaongeza dawa ya mafua, maana makamasi nayo yalikuwepo. Nikajiona nimetibu magonjwa mawili kwa mpigo.

Dada aliporudi, mtoto alikuwa ametapika, amelegea. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alifunga chupa zote mbili na kijiko kwenye kanga, nikawapakia kwenye pikipiki, tukateleza na tope hadi kituo cha afya.

Nilimwamkia nesi shikamoo kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Akasoma ubavuni mwa chupa ya kwanza, kisha ya pili.

"Kijana, hii ya mafua ina dawa ile ile ya homa ndani yake. Umempa mara mbili, tena kwa kijiko cha mtu mzima. Dawa hii ikizidi huumiza ini, na la huyu ni dogo."

Nikampandisha Anjela kwenye mizani.

Nesi akampima uzito, maana kipimo cha dawa hufuata uzito wa mtoto. Akamtoboa kidole: malaria. Akasema dawa ya homa inatuliza tu, ugonjwa unabaki pale pale ukimla mtoto.

Amelazwa. Wanamwangalia, wakiona mabadiliko watampeleka hospitali Mbinga mjini. Dada yuko kando ya kitanda cha mtoto, mimi niko barazani na simu.

Ameshaniuliza kikombe kilikwenda wapi. Nimesema panya.

Nikimaliza kuandika naingia ndani kumwambia. Si panya. Jumamosi nilikichukua mimi kwenda kupulizia kahawa. Kiko kwenye mfuko wa bomba langu, kinanuka sumu, hakifai tena kwa mdomo wa mtu. Nilikichukua kwa sababu jicho langu sikuwa naliamini.

Dawa ya wadudu niliipima kwa kikombe. Anjela nikampimia kwa jicho.